Kauli ya Kutendana

Waliketi ncha mbili za meza moja,
Upanga, Mtaa wa Mindu, ghorofa ya pili,
chini ya feni inayolalama
na dirisha linalochungulia kamba ya nguo ya Mama Shemdoe.
Tatevik aliletwa na hospitali ya macho.
Vugar aliletwa na kampuni ya kreni za bandarini.
Kwangu walikuwa wazungu wa saa kumi na moja,
wanaochelewa, wanaolipa kwa mwezi.

Nilijua siku ya "unatoka wapi?"
Natoka Armenia, akasema huyu.
Natoka Azabajani, akasema yule.
Kalamu ikaanguka, haikuokotwa.
Nilidhani nimekosea ngeli.

Wiki mbili nikawa posta isiyo na stempu:
Mwalimu, mwambie asogeze kiti.
Mwalimu, mwambie afunge dirisha.
Kila mmoja alirithi nusu ya Kirusi kwa babu yake,
na hakuna aliyetaka kukifungua.
Kiswahili hakikuwa na kaburi la mtu wao hata mmoja.

Jumanne nikaandika ubaoni: -ana.
Piga, pigana. Fukuza, fukuzana. Ua, uana.
Nilivyofundishwa chuoni ndivyo nilivyofundisha;
mifano ya vita hukaririka upesi.
Vugar akanyoosha mkono:
"Mwalimu, katika 'uana', nani anaanza?"
Nikasema, sarufi haiulizi.
Tatevik akasema, akiitazama meza,
"Mjomba yangu hakurudi."
"Mjomba wangu," nikamsahihisha.
Mungu anisamehe, nilimsahihisha.
Kisha yule wa ncha ya pili:
"Na mimi, bibi yangu. Mlango ipo. Nyumba hapana."
Nikaiweka chaki chini.

Alhamisi ilikuwa somo la matunda.
Nilipitia Kisutu na kikapu: fenesi, stafeli, balungi,
na komamanga moja la bei ya kunikera.
Nilipoliinua tu, wote wawili wakaropoka
kama watoto waliofumaniwa jikoni:
"Nar!"
"Nur!"
Irabu moja tu katikati yao.
Nikawaambia, kwetu nari ni moto,
neno la washairi, halisikiki sokoni,
na nuru ni mwanga.
"Tunda ni lipi?" akauliza Tatevik.
Tunda ni komamanga. Andikeni.
Tukalipasua kwa rula, kwa kukosa kisu.
Maji yake yakachafua daftari la Vugar
kuanzia "jana" hadi "juzi".
Tatevik akasukuma karatasi ya kujifutia
kwa urefu wote wa meza,
bila "mwalimu, mwambie".

Msidhani walipatana.
"Siwezi kusamehe watu wako," alisema wiki iliyofuata.
"Watu wangu hujui."
"Sijui."
"Mimi pia sijui wako."
Hapo wakakwama, na mimi sikuwasukuma.
Hawakuwa bado na neno la mpaka,
wala mkataba, wala haki ya kihistoria;
hayo yako kitabu cha pili.
Walichokuwa nacho ni bibi, mlango, mkate,
mjomba, baridi, ng'ombe mmoja, jana.
Ukinyimwa maneno makubwa
inakubidi useme ng'ombe alikuwa rangi gani.
Alikuwa mwekundu. Alibaki amefungwa.
Tatevik akauliza aliitwa nani,
na Vugar akakaa kimya muda mrefu,
akatafuta, akasema hakumbuki,
atampigia mama.

Jioni moja wakachelewa kuondoka.
Walikuwa wanachora mkate ubaoni,
mwembamba, mrefu kama taulo,
wakinyang'anyana chaki yangu.
"Huu ni mkate wetu!"
"Hapana, mkate wetu!"
Na mimi mlangoni, ufunguo mkononi,
nikakumbuka "wetu" ya Kiswahili haisemi
kama unayeambiwa yumo au hayumo.
Sikuwaeleza. Lilikuwa swali la mtihani.

Mama Shemdoe akapaza sauti kutoka chini,
akiwa na nguo nusu mikononi, nusu kambani:
"Mwalimu Kidawa! Hao wageni wako wanagombana?"
Nikasikiliza kidogo.
"Hapana, mama," nikamjibu. "Wanabishana."